Kimbunga kilitukutanisha, mchezo wa pesa umetutenganisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston, Texas. Nina saluni ya kusuka maeneo ya Bissonnet, kusini magharibi mwa mji, ambako Waafrika tumejaa. Saluni ina viti vinne na tunasuka watatu. Naomba unisaidie, maana usiku silali.

Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita hapa, umeme ulikatika karibu mji mzima na kwetu ulichelewa sana kurudi. Mama mmoja wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu, anayepika vyakula vya sherehe, alikuwa na friza mbili zimejaa nyama na samaki. Dada mmoja Mmarekani mweusi wa mtaa wa Third Ward hapahapa Houston, anayewafanyia watu hesabu za biashara na kodi, alikuwa na jenereta. Alikuwa mteja wangu tu, lakini aliileta saluni kwangu bila kuombwa. Mnaijeria mwenye duka la nywele alitupa nafasi stoo kwake. Ile nyama tukaipika kabla haijaoza, tukauza sahani kwa majirani, na mimi nikawa nasukia barazani. Hakuna aliyepoteza mtaji wiki ile.

Baada ya hapo tukasema hii isiishe. Tukaanzisha umoja wa wanawake weusi wenye biashara, wa Afrika na wa Marekani pamoja. Tulifika ishirini na tatu. Tukawa tunakutana Jumapili jioni, na kumi kati yetu tukaanza mchezo wa dola 300 kwa mwezi, mimi nikiwa kijumbe.

Shangazi, sasa kila kitu kimeharibika. Mama wa Bukavu alipokea zamu ya tatu, akatoa mwezi wa nne, kisha akanyamaza. Gari lake la kazi limeharibika giaboksi. Mwezi wa tano na wa sita nilimjazia kutoka kwenye droo ya saluni bila kumwambia mtu. Mwezi wa saba sikuweza, na aliyekuwa zamu alipopokea pungufu, matusi yakaanza kwenye kundi la WhatsApp.

Dada wa Third Ward ametoka kimya kimya. Nilimpigia, akaniambia, "Mnaniita dada, lakini jambo likiwa zito mnahamia Kiswahili na mimi nabaki nacheka kama mgeni. Na kila mmoja wenu anataka nimfanyie kodi yake bure." Sikuwa na jibu.

Juu ya hayo, binti niliyemfundisha kusuka mwenyewe amefungua saluni yake jirani na mimi. Rasta ndefu ninazosuka kwa dola 200 yeye anasuka kwa 120. Naye yumo kwenye umoja! Wengine wanasema nimfukuze.

Mume wangu anasema niachane na mambo ya vikundi nitafute ruzuku za wanawake weusi, lakini nimesikia mahakama imezifunga. Je, nifunge umoja huu? Au kuna namna ya kuuokoa?

Msusi wa Bissonnet

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Umoja usiufunge. Ila huo wa watu ishirini na tatu wa Jumapili jioni uache upumzike, na ujenge mwingine mdogo kutokana na kile mlichokifanya wakati wa Beryl. Wiki ile hakuna aliyewahutubia habari za udada. Kulikuwa na nyama inayoelekea kuoza, mmoja ana jenereta, mwingine ana stoo, mwingine ana baraza, na kila mtu akajua wajibu wake. Umeme uliporudi mlibaki na vikao, na kikao kisicho na kazi hujaa maneno. Nitarudi hapo, lakini kwanza tumalize deni.

Mchezo usiuvunje. Najua kishawishi cha kusema kila mtu abaki na alichopata, lakini piga hesabu. Mpaka mwezi wa saba, wale watatu wa mwisho wametoa dola 2,100 kila mmoja na hawajapokea hata senti. Ukivunja leo wanaoumia ni wao, na ndio waliowaamini zaidi, kwa sababu walikubali kukaa mwisho. Malizeni zamu tatu zilizobaki mkiwa watoaji tisa. Kila mmoja apokee 2,700 siku yake, na ile 300 iliyopungua iandikwe kuwa anamdai mama wa Bukavu. Deni lake lote basi ni dola 1,800: 300 za aliyepokea mwezi wa saba, 900 za hao watatu, na 600 zako. Akiweza kutoa 150 kwa mwezi, analimaliza kwa mwaka. Walipwe kwanza wale wanne, wewe uwe wa mwisho.

Hilo la kuwa wa mwisho litakuuma, na nakuelewa. Lakini ulipojazia kimya kimya uliwanyima wenzako nafasi ya kujua mapema, na wakati huo deni lilikuwa bado dogo, linazungumzika. Kijumbe anatunza fedha na habari za watu. Na droo ya saluni ina kodi ya pango na mishahara ya wasusi wako ndani yake. Isiguswe tena kwa ajili ya mchezo.

Kwa mama mwenyewe nendeni wawili, wewe na mtu anayemheshimu, mkae naye nyumbani kwake. Mtu mzima akidaiwa mbele ya watu ishirini hulinda kwanza heshima yake, habari ya kulipa inakuja baadaye au haiji kabisa. Anzeni kwa kumuuliza habari za gari. Bila gari hapeleki chakula, bila kupeleka chakula hapati pesa, na bila pesa hamlipwi. Ikiwa mmoja wenu ana gari kubwa linalokaa bure Ijumaa na Jumamosi, hapo mtakuwa mmelikaribia deni lenu kuliko kwa ukali wowote. Mkikubaliana, andikeni, wote mtie saini, naye abaki na nakala yake.

Sasa tazama mlichokosa. Wewe umekulia Tanga, bila shaka umewaona akina mama wa VICOBA na sanduku lao. Lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hivyo hakuna mtu mmoja anayeweza kulifungua, awe mwema kiasi gani. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Wanachama wanagawanywa katika vikundi vidogo vya watu watano watano wanaodhaminiana. Na pembeni ya hisa na mikopo kuna mfuko wa jamii, wa kidogo kidogo, kwa ajili ya ugonjwa, msiba na dharura. Ninyi mliweka pesa za mzunguko peke yake. Giaboksi ilipokufa hakukuwa na pa kukimbilia ila pesa za wenzake. Mama yule hakuwa na njia ya kusema "nimekwama" bila kuonekana mwizi.

Kwa hiyo umoja mpya uwe wa watano. Grameen America, shirika linalokopesha wanawake wenye biashara ndogo nchini Marekani tangu 2008, nalo linawapanga watano watano, na sababu ni ileile: watano wanajuana biashara zao kwa undani, anayelegea anaonekana mapema, na hakuna anayeweza kujificha nyuma ya umati. Wachague kwa biashara zinazohitajiana. Msusi, muuza nywele, mpishi, mtu wa hesabu, na wa tano mtafute pamoja. Mimi ningetafuta fundi cherehani au mtu wa kupamba kumbi, kwa sababu bibi harusi mmoja wa Houston anaweza kuwapa kazi wote watano. Kila mkutano uwe na kazi ya kumaliza: mwezi huu tunakagua pango la saluni, mwezi ujao tunatafuta jiko lenye kibali la kupikia. Kutaneni Jumatatu asubuhi, saluni nyingi zikiwa zimefungwa na mpishi amepumzika harusi za wikendi. Jumapili jioni mlikuwa mnakutana watu mmechoka, wengine wametoka kanisani na njaa, watoto wanalia. Usishangae maneno yaliwaka haraka.

Nije kwa dada wa Third Ward, maana kwa maoni yangu huyo ndiye hasara yenu kubwa kuliko zile dola 1,800.

Unajua ni nani aliyekupa uhuru wa kusuka na kufundisha bila leseni hapo Texas? Ni mwanamke Mmarekani mweusi, Isis Brantley wa Dallas. Mwaka 1997 alikamatwa kwa kosa la kusuka nywele bila leseni ya urembo, leseni iliyodai masomo marefu ambayo hata hayakuhusu kusuka. Hakukata tamaa. Baadaye jimbo likataka, ili afundishe wengine kusuka, shule yake iwe na futi za mraba 2,000 na viti kumi vya kinyozi, pamoja na masinki ambayo msusi hana kazi nayo. Mwaka 2013 akaenda mahakama ya shirikisho, Januari 2015 akashinda, na mwaka huohuo bunge la Texas likaondoa kabisa leseni ya kusuka. Wewe umefungua viti vinne na ukamfundisha yule binti chini ya sheria aliyoipigania mama huyu. Msimulie dada wa Third Ward kwamba sasa unalijua hilo. Waafrika wengi tunafika Marekani tukidhani tumeikuta njia wazi hivihivi.

Na usidhani kwamba mchezo ni kitu chetu ambacho yeye anakaribishwa kukionja. Wayoruba wana esusu, watu wa Karibi wakarithi susu, Wakongo wana likelemba. Wamarekani weusi nao walikuwa na vyama vyao vya kuzikana na kuuguzana tangu enzi za utumwa na baada yake. Katika chama kimoja cha namna hiyo, kule Richmond, Virginia, Maggie Lena Walker, binti wa mama mfua nguo, alipanda hadi kuwa kiongozi, na mwaka 1903 akafungua benki ya St. Luke, iliyopokea hata senti za wafua nguo na watumishi wa majumbani. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki ya namna hiyo. Benki ilivuka hata mdororo mkuu wa uchumi kwa kuungana na benki nyingine za weusi. Lakini mwaka 1905 aliwafungulia wanawake weusi duka kubwa la bidhaa pia, na hilo halikumaliza miaka kumi. Wafanyabiashara weupe waliwabana wauzaji wa jumla wasiliuzie duka hilo bidhaa, na wateja weusi wenyewe hawakuja wa kutosha. Mwanamke mmoja, mji mmoja, watu walewale, na bado kimoja kilisimama na kingine kikaanguka. Kwenye benki kila senti ilikuwa imeandikwa na mwenye senti alijua atairudishiwa. Duka lilitegemea zaidi watu kuyaacha maduka mengine kwa ajili ya mapenzi yao kwa jamii. Ninyi mlijenga duka, mwanangu, na mnahitaji benki.

Mrudieni basi, na mkimrudia msimwombe awe mweka hazina. Najua hilo ndilo lililokujia kichwani, kwamba anajua hesabu, tumpe hesabu. Ndicho alicholalamikia! Kazi yake ya hesabu ina bei, kama rasta zako. Mpangieni malipo kamili, na kodi za biashara zenu mzipeleke kwake kwa bei anayowatoza wengine. Vivyo hivyo mpishi asiombwe sahani za bure kwenye kila kikao, wala wewe usisuke kwa nusu bei kwa sababu mteja ni mwanachama. Wanawake wengi wamefilisika kwa kuwapunguzia bei watu wanaowapenda, na wanaona haya kulisema. Anayenunua kwa mwenzake kwa bei kamili na kulipa siku hiyohiyo amemsaidia kuliko anayemsifu mbele za watu.

Kuhusu lugha, maamuzi yote na kumbukumbu za kikao ziwe kwa Kiingereza. Mama wa Bukavu akikwama mtafsirieni palepale kwa sauti, ili hata asiyejua Kiswahili ajue kinachotafsiriwa. Kiswahili chenu mtakipata kwenye chai.

Yule binti usimfukuze, na kwenye meza ya watano usimweke. Wasusi wawili wa mtaa mmoja hawawezi kuonyeshana vitabu vya hesabu kwa uwazi, na si dhambi kulikubali hilo. Ila kuna mambo mawili mnayoweza kufanya pamoja. Nunueni nywele kwa katoni kwa yule Mnaijeria, ninyi wawili kwa oda moja, bei ishuke kwa wote. Na mteja asiyekuwa na nafasi kwako Jumamosi mpeleke kwake, naye akuletee anayetaka kazi ambayo bado mkono wake haujakomaa. Bei yake usiishushie yako. Mfundishe kupiga hesabu ya saa: rasta ndefu za saa sita kwa dola 120 ni dola 20 kwa saa kabla ya nywele, pango na umeme. Nadhani hajawahi kuiona hesabu hiyo kwenye karatasi. Ulimfundisha kusuka, mfundishe na kuuza.

Mume wako ameuliza ruzuku. Ni kweli kuna kesi iliyotikisa jambo hilo. Fearless Fund ya Atlanta ilikuwa na shindano la kuwapa wanawake weusi wenye biashara dola 20,000. Agosti 2023 ikashtakiwa kwa kutumia sheria ya 1866, iliyotungwa kuwalinda watu weusi waliokuwa wametoka utumwani, kwa hoja kwamba shindano linawabagua wengine. Mahakama ya rufaa ikalizuia Juni 2024, na Septemba mwaka huohuo pande zikapatana na shindano likafungwa kabisa. Naiona ni habari ya kusikitisha sana, sheria ile kutumika hivyo. Lakini kilichozuiwa hapo ni lile shindano. Hakuna hukumu hapo inayowazuia wanawake watano kuweka akiba pamoja, kununua pamoja na kupeana kazi. Siku mkitaka kugawa pesa kwa watu wa nje, hapo mtafuteni mwanasheria kwanza.

Kuna milango isiyouliza rangi, na kikundi chenye rekodi safi kinaingia kirahisi zaidi. Kiva wanakopesha biashara ndogo Marekani hadi dola 15,000 bila riba, na kabla ombi halijawekwa wazi kwa wote, mwombaji lazima kwanza apate watu anaowajua watakaomkopesha, hata dola 25 kila mmoja. Wenzako wanne ndio hao wa kuanzia. Mission Asset Fund ya San Francisco wana mizunguko ya kukopeshana kama mchezo wetu, bila riba, na kila malipo yanaripotiwa kwa taasisi zinazotunza rekodi za mikopo. Mama wa Bukavu angelipa mchezo wenu miaka mitano, benki isingejua. SCORE wanatoa washauri wa biashara bure tangu 1964. Anza na hao kwa mambo ya pango la saluni.

Mchezo mpya usianze kabla zamu ya kumi haijalipwa. Ukianza, toeni dola 20 zaidi kila mmoja kwa mwezi ziende mfuko wa dharura, pesa zote ziwe kwenye akaunti ya umoja yenye saini mbili, na mtu akikosa mwezi mmoja jambo lifunguliwe ndani ya siku saba.

Wiki hii fanya mawili. Mpigie dada wa Third Ward, kabla ya mtu mwingine yeyote, na ukiri kwake kwamba alichosema ni kweli. Halafu nendeni kwa mama. Akikataa katakata kulipa, Texas kuna mahakama ya madai madogo inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, lakini niandikie tena kabla hujaenda huko.

Shangazi